Alimpenda Mwanamke, au Alipenda Wimbo Wake?

Okestra nzima ilipigwa kwa ajili ya mwanamke mmoja tu. Akakubali, akaolewa na mtunzi. Halafu ukaja mtihani wenyewe: maisha ya ndani ya nyumba.

Umewahi kutungiwa wimbo? Hatuzungumzii kutumiwa meseji tamu usiku wa manane wala kutumiwa shairi lililonakiliwa mahali. Tunazungumzia wimbo uliotungwa kwa ajili yako, ukapigwa mbele ya kadamnasi, na wewe mwenyewe umo ukumbini. Wanaohudhuria taarab wanaijua hali hiyo. Mwimbaji hataji jina, lakini ubeti unapofika mahali pake shingo zinageuka, watu wanakonyezana, na mlengwa anabaki kutazama chini akijifanya anatengeneza mtandio.

Sasa ihamishe hali hiyo hadi Paris, Ufaransa, Jumapili ya tarehe 9 Desemba 1832. Ukumbi ni wa Conservatoire, chuo kikuu cha muziki cha jiji hilo. Jukwaani ipo okestra. Kwenye viti maalumu karibu na jukwaa amekaa mwanadada wa miaka 32, mwigizaji kutoka Ireland, anaitwa Harriet Smithson. Amealikwa na marafiki, na ameletwa kwa gari la farasi bila kujua vizuri anakwenda kusikiliza nini. Njiani anasoma karatasi ya maelezo ya onyesho na kuliona jina la mtunzi: Hector Berlioz. Jina hilo analikumbuka. Huyu ndiye yule kijana aliyekuwa akimsumbua kwa barua miaka minne mitano iliyopita!

Muziki unaanza, na watu wanaanza kumtazama yeye. Mji mzima wa wapenda muziki unajua kitu ambacho yeye hajakijua: simfoni hii inamhusu.

Mshairi wa Kijerumani, Heinrich Heine, aliandika baadaye kwamba Berlioz mwenyewe alikuwa amekaa nyuma ya okestra akipiga ngoma, macho yote kwa mwanadada huyo. Kila macho yao yalipokutana, jamaa alizitwanga ngoma zile kama mwenye hasira. Ndani ya mwaka mmoja wawili hao walikuwa mume na mke.

Ingekuwa sinema, hapo ndipo majina ya waigizaji yangeanza kupanda kwenye skrini. Lakini mapenzi hayaishii ukumbini, na simfoni yenyewe, ukiisikiliza vizuri, ilikwishatoa onyo mapema.

KUDATA KWA MWANAFUNZI WA UDAKTARI

Hector Berlioz alizaliwa tarehe 11 Desemba 1803 katika mji mdogo wa La Côte-Saint-André, kusini-mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari na alitaka mwanawe afuate nyayo zake. Mwaka 1821 akampeleka Paris kusomea udaktari. Siku ya kwanza alipoingizwa kwenye chumba cha kupasulia maiti, kijana aliruka dirishani akakimbia. Alijikaza akarudi, lakini moyo haukuwa huko. Baada ya muda akaacha udaktari akafuata muziki, na ugomvi na wazazi ukawa mkubwa.

Tarehe 11 Septemba 1827 alikwenda ukumbi wa Odéon kutazama kundi la waigizaji wa Kiingereza wakicheza Hamlet ya Shakespeare. Berlioz alikuwa na miaka 23 na Kiingereza hakukijua, alitegemea tafsiri ya Kifaransa. Aliyecheza nafasi ya Ophelia, binti anayerukwa na akili kwa mapenzi na msiba, alikuwa Harriet Smithson. Siku chache baadaye akamwona tena akicheza Juliet.

Basi, kwisha habari yake. Jamaa alizimika. Alikosa usingizi, akawa anazunguka mitaani na mashambani nje ya Paris mpaka anaanguka na kulala popote. Alimwandikia barua baada ya barua. Harriet alianza kuingiwa na hofu, akamwagiza mtumishi wake asipokee tena barua kutoka kwa mtu huyo. Mei 1828 Berlioz aliandaa onyesho zima la tungo zake mwenyewe ili walau jina lake limfikie. Halikumfikia. Mwaka 1829 kundi la Harriet likaondoka Paris, naye Berlioz akabaki akiugulia.

Hapa zingatia jambo moja, maana ndilo lenye uzito katika kisa hiki chote. Mpaka wakati huo hawajawahi kukaa na kuzungumza. Hajui anapenda chakula gani, anaogopa nini, anacheka nini. Anamjua Ophelia. Anamjua Juliet. Harriet hamjui kabisa.

SIMFONI YENYEWE INASEMA NINI?

Miezi ya mwanzo ya mwaka 1830 Berlioz alisikia umbeya kuhusu Harriet, kwamba ana uhusiano usio wa heshima na mtu wa mambo ya maonyesho. Umbeya ule haukuwa na ukweli, na yeye mwenyewe alikuja kulijua hilo baadaye. Lakini wakati ule aliuamini. Katika hali hiyo ya mapenzi yaliyogeuka uchungu, akaandika Symphonie fantastique. Alikuwa na miaka 26.

Simfoni ni kazi ndefu ya okestra, kwa kawaida haina mwimbaji. Hii inachukua takriban dakika 50 hadi 55 na ina sehemu tano. Berlioz alifanya jambo lisilo la kawaida kwa wakati ule: aliandika hadithi na kuigawa kwa wasikilizaji kwenye karatasi ukumbini ili wajue kila sehemu inaeleza nini. Ni hadithi ya kijana msanii anayempenda mwanamke kupita kiasi. Na kila mwanamke huyo anapomjia akilini, unasikika wimbo mmoja uleule. Berlioz aliuita idée fixe, yaani wazo lililong'ang'ania kichwani na halitoki.

Sehemu ya kwanza ni ndoto na matamanio. Okestra inaanza polepole, kijana ana huzuni asiyoijua chanzo chake. Halafu fidla na filimbi zinauleta wimbo wa mpenzi, mrefu, unaopanda, unaosita, unaopanda tena kama mtu anayehema.

Sehemu ya pili ni dansi. Vinubi vinalia, watu wanazunguka ukumbini kwa mtindo wa waltz, kila mtu amependeza. Katikati ya shamrashamra anamwona. Wimbo unapita, umevaa mavazi ya dansi. Hakuna salamu, hakuna neno. Anapita tu.

Sehemu ya tatu ni mashambani. Wachungaji wawili wanapigiana filimbi: mmoja yupo jukwaani, mwingine anasikika kwa mbali, nje kabisa ya jukwaa. Anaita huyu, anajibu yule. Kijana anatulia, anaanza kupata matumaini, halafu wasiwasi unamwingia: je, kama ananisaliti? Mwishoni mchungaji wa kwanza anaita tena. Kimya. Anaita tena. Kinachojibu ni ngurumo ya mbali, iliyotengenezwa na wapiga ngoma wanne kwa pamoja. Yeyote aliyewahi kupiga simu inayoita bila kupokelewa, usiku, akijua mwenzake yupo macho, hahitaji kuelezwa zaidi.

Sehemu ya nne mambo yanaharibika. Kijana anameza afyuni ili afe, lakini kipimo ni kidogo, badala ya kufa anaota. Anaota amemuua mpenzi wake, amehukumiwa kifo, na anapelekwa kunyongwa kwa maandamano ya ngoma na tarumbeta. Sekunde za mwisho, klarineti moja inaanza kuupiga ule wimbo, peke yake, kwa upole. Okestra yote inaukata kwa kishindo kimoja. Ni gilotini imeshuka, na kwenye nyuzi unasikia kichwa kikidondoka.

Sehemu ya tano ni mkesha wa wachawi. Wamekusanyika kwenye mazishi yake. Na nani anaingia? Ni yuleyule mpenzi! Wimbo wake sasa unapigwa na klarineti ndogo yenye sauti kali ya kukebehi, unarukaruka kama ngoma ya kilabuni. Amekuwa mchawi, anashangiliwa na wachawi wenzake. Kengele za kanisa zinalia, wimbo wa zamani wa mazishi wa Kanisa Katoliki unapigwa kwa vyombo vizito vya chini, halafu vyote vinachanganywa mpaka mwisho wa vurugu.

Utaisikia ukiwa na hadithi au usiwe nayo. Lakini ukiwa nayo kuna jambo linakuchoma: kutoka mpenzi wa ndoto hadi mchawi, mwanamke huyu hajatamka kitu. Wimbo ni uleule. Kinachobadilika ni hali ya mwanaume. Akiwa na furaha, mwanamke ni malaika. Akisikia umbeya, mwanamke ni mchawi. Yeye mwenyewe hakufanya lolote.

Na kuna kingine. Ule mwanzo wa huzuni wa sehemu ya kwanza Berlioz hakuutunga kwa ajili ya Harriet. Aliuchukua kwenye wimbo alioutunga akiwa bado kijana mdogo, kutokana na Estelle, dada wa miaka 18 aliyempenda alipokuwa na miaka 12 tu. Hata ule wimbo wa mpenzi alikwishautumia mwaka 1828 kwenye kazi nyingine, iliyomhusu mwanamke wa hadithini. Harriet alikuta kiti kimeshawekwa. Alikuja kukikalia tu.

KUMBE ALIKUWA NA MCHUMBA MWINGINE!

Onyesho la kwanza la simfoni lilifanyika tarehe 5 Desemba 1830, palepale Conservatoire, likiongozwa na François Habeneck. Siku moja kabla, kijana wa miaka 19 mpiga piano aliyeitwa Franz Liszt alikwenda kujitambulisha kwa Berlioz. Urafiki wao ulidumu miaka mingi.

Lakini kasheshe ni hili: siku simfoni ya mapenzi ya Harriet inapigwa kwa mara ya kwanza, Berlioz alikuwa na mchumba mwingine! Camille Moke, mpiga piano hodari na mrembo, alikuwa amemfariji baada ya machungu ya Harriet. Mwaka uleule Berlioz alishinda tuzo kubwa ya serikali iliyomlazimu kwenda kuishi Italia kwa muda. Akaondoka na ahadi ya ndoa.

Aprili 1831 akiwa Italia akapokea barua kutoka kwa mama yake Camille. Camille alikuwa anaolewa na Camille Pleyel, tajiri mwenye kiwanda cha piano. Ndiyo, bwana na bibi harusi wana jina moja.

Alichopanga Berlioz hapo ungedhani ni filamu. Alinunua nguo za mtumishi wa kike, akatafuta bastola na sumu, akapanda gari la farasi kurudi Ufaransa. Mpango ni kuingia nyumbani kwao amejifanya mtumishi, amuue mama, binti na bwana harusi, kisha ajiue. Njiani zile nguo za kujificha zikapotea kwenye kubadilisha magari, akanunua nyingine. Alipofika Nice hasira zilikuwa zimepungua, njaa imempata, na bahari ni nzuri. Akakaa hapo wiki kadhaa, akatunga muziki, akarudi zake Italia.

Leo tunacheka. Lakini yule mwanaume wa sehemu ya nne, anayeota amemuua mpenzi wake, alikuwa karibu sana na yule aliyekuwa ndani ya gari la farasi na bastola. Mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa safari ile hakuwa na sababu ya kucheka.

RUDI UKUMBINI, 1832

Berlioz alirudi Paris Novemba 1832. Akapanga chumba katika nyumba aliyowahi kukaa Harriet, akaambiwa mwanadada huyo amerudi mjini na ametoka hapo juzijuzi tu. Kwa mtu wa aina yake, hilo halikuwa zali la kawaida. Hilo lilikuwa wito.

Ndipo likaja onyesho la tarehe 9 Desemba. Safari hii simfoni ilifuatiwa na mwendelezo wake, uitwao Lélio, ambamo mwigizaji anazungumza kama yule kijana msanii baada ya kuzinduka kutoka kwenye ndoto. Nafasi hiyo ilichezwa na Bocage, mwigizaji maarufu wa wakati huo. Alipofika mahali pa kumtamani Juliet na Ophelia wake, Harriet hakuwa na shaka tena. Ni yeye.

Sasa jaribu kukaa kwenye kiti chake. Miaka mitano iliyopita Paris ilikuwa ikimlilia kwa kushangilia. Sasa mtindo umepita, Shakespeare kwa Kiingereza hajazi tena ukumbi, kampuni yake ya maonyesho inazama kwenye madeni. Katika hali hiyo unaletwa ukumbini na kukuta kuna mtu hajakusahau, amekufanya uwe muziki, na watu wote wanakutazama tena. Nani asingelainika?

Walitambulishwa mara baada ya onyesho lile. Machi 1833 Harriet alivunjika mguu akishuka kwenye gari la farasi, kazi ikasimama, madeni yakaongezeka. Familia zote mbili zilipinga. Katika ugomvi mmoja wa Agosti, Harriet akitilia shaka mapenzi yake, Berlioz alimeza afyuni mbele ya macho yake, kisha alipoahidiwa ndoa akanywa dawa ya kutapika. Simfoni ilikuwa imetoka kwenye karatasi ikaingia sebuleni.

Walifunga ndoa tarehe 3 Oktoba 1833 katika ubalozi wa Uingereza mjini Paris, Liszt akiwa miongoni mwa mashahidi. Bibi harusi alileta madeni. Bwana harusi alikuwa na hela za kukopa. Bibi Kifaransa chake ni cha kubabaisha, bwana Kiingereza chake ndiyo hivyo tena.

NDOA HAINA OKESTRA

Tusiseme uongo: miaka ya mwanzo walipendana. Walihamia Montmartre, wakati huo pakiwa kijijini. Mtoto wao pekee, Louis, alizaliwa Agosti 1834. Marafiki walikuja, maisha yalikuwa ya kubana lakini yalikuwa maisha.

Kisha polepole mizani ikainama upande mmoja. Berlioz alikuwa anapanda, anasafiri, anaongoza okestra, anaandika magazetini ili familia ile, kazi aliyoichukia. Mwaka 1838 mpiga fidla mashuhuri Paganini alimzawadia faranga 20,000. Harriet alikuwa anashuka. Jukwaa lilikuwa limekwisha kwake. Mwanamke aliyewahi kuujaza ukumbi kwa sauti yake sasa alibaki ndani, kwenye nchi ya lugha isiyo yake, akiwa mke wa mtu maarufu. Wivu ukaingia, na pombe ikafuata. Wivu ule haukuwa wa bure: mwanzoni mwa miaka ya 1840 Berlioz alikuwa na uhusiano na mwimbaji Marie Recio. Karibu mwaka 1844 Harriet na Hector wakatengana.

Kuanzia mwaka 1848 Harriet alipigwa na kiharusi mara kwa mara. Mwili ukapooza na sauti ikapotea. Fikiria: mwigizaji, sauti ndiyo mali yake, na hawezi kutamka. Berlioz hakumtupa. Aliendelea kumlipia matunzo, akabeba gharama za nyumba mbili, akawa anakwenda kumwona. Harriet alifariki tarehe 3 Machi 1854. Liszt alimwandikia rafiki yake kumfariji kwamba mwanamke huyo alimpa msukumo, naye amemwimba, hivyo kazi yake imekamilika.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Iliandikwa kwa upendo, lakini inatisha. Kazi ya Harriet Smithson duniani ilikuwa nini? Kuwa wimbo wa mtu?

Oktoba mwaka uleule Berlioz alimwoa Marie Recio, ambaye naye alifariki mwaka 1862. Mwaka 1864 makaburi aliyozikwa Harriet yalikuwa yanaondolewa. Berlioz akaitwa kushuhudia mifupa ikihamishwa. Jeneza lilikuwa limeoza. Mchimba kaburi aliinama, akalichukua fuvu kwa mikono yake, akaliweka kwenye jeneza jipya. Berlioz aliyaeleza haya mwenyewe katika kumbukumbu zake. Ukiijua Hamlet, unajua kuna mchimba kaburi na fuvu kabla tu ya mazishi ya Ophelia. Alianza kumpenda kwenye tamthilia, na akamwaga kwenye tamthilia ileile, ila safari hii halikuwa igizo.

Mwaka uleule wa 1864 alifunga safari kumtafuta Estelle, yule dada wa utotoni, sasa bibi mjane wa zaidi ya miaka 60. Bibi yule alimjibu kwa upole na busara. Mwaka 1867 Louis, aliyekuwa baharia, alifariki Havana kwa homa ya manjano. Berlioz mwenyewe alifariki tarehe 8 Machi 1869. Amezikwa makaburi ya Montmartre, na pamoja naye wamo Harriet na Marie, wake wote wawili.

KWA NINI BADO INAPIGWA?

Kwa sababu inasema kweli, hata pale mtunzi alipokuwa anajidanganya. Okestra duniani zinaendelea kuipiga, na nyingine hufanya kama alivyofanya Berlioz mwenyewe mwaka 1832: zinaweka mwigizaji na muziki pamoja ili msikilizaji ayaone maisha ndani ya noti. Mwaka 2010 okestra ya Chicago, chini ya Riccardo Muti, iliipiga pamoja na Lélio, mwigizaji wa Kifaransa Gérard Depardieu akichukua nafasi ya msemaji. Septemba 2019, mwaka wa 150 tangu Berlioz afariki, Aurora Orchestra ya Uingereza iliipiga Royal Albert Hall, London, kwenye tamasha la Proms. Kiongozi alikuwa Nicholas Collon, mwigizaji Mathew Baynton akawa Berlioz, na wanamuziki walipiga simfoni yote kwa kichwa, bila karatasi mbele yao.

Faida ya onyesho la namna hii ni kwamba unapewa pande zote mbili. Unaisikia raha ya kudata, maana raha ipo na hakuna anayeikana. Na ukikijua kisa, unamsikia pia yule ambaye hakupewa sehemu ya kusema.

MSIKILIZE WAWILI

Huhitaji kusubiri okestra ije mjini kwako. Tafuteni rekodi, zipo nyingi, zimeni TV, mjipe saa moja. Mambo machache ya kuwasaidia:

1. Mkiwa na haraka, anzeni na sehemu ya pili, ile ya dansi. Ni fupi, tamu, na inaingia hata kwa asiyezoea muziki wa okestra.

2. Shikeni ule wimbo wa mpenzi kwenye sehemu ya kwanza. Urudieni mara mbili au tatu mpaka muweze kuuimba mdomoni. Halafu mshindane nani atautambua kwanza kila unaporudi. Kwenye sehemu ya tano atakayeutambua amnunulie mwenzake chakula, maana hapo umeharibiwa kweli.

3. Sehemu ya tatu isikilizeni kwa utulivu mpaka mwisho. Msiizungumzie palepale. Subirini ngurumo iishe.

4. Kisha kila mmoja amuulize mwenzake swali moja: kitu gani kuhusu mimi ulikiamini kabla hujanijua, ukakuta sicho? Jibu lisilazimishwe liwe tamu. Mwenye kuuliza asikilize mpaka mwisho.

5. Na kwa kaka anayemfukuzia dada asiyejibu meseji: Berlioz alikuwa na kipaji cha kutosha kugeuza usumbufu kuwa simfoni. Wewe ukiona mtu ameagiza barua zako zisipokelewe, jibu umeshalipata.

Tuna tabia ya kusifia penzi la mtu aliyezimika, yule asiyelala, asiyekula, anayesema atakufa bila wewe. Linapendeza kusimuliwa, na ukiwa mlengwa linapendeza zaidi. Lakini Harriet aliishi na mtu huyo karibu miaka kumi na moja, na siku ngumu zaidi hazikuwa zile za afyuni na machozi. Zilikuwa siku za kawaida, za kukaa mezani na mwanaume aliyekuwa akimtafuta Ophelia usoni mwake, naye akiwa amechoka, mguu unamuuma, na ana jambo la kumwambia.

Kwa hiyo mkimaliza kuisikiliza simfoni, zimeni redio, geukianeni. Mwulize mwenzako siku yake ilikuwaje. Na kesho simu yake ikiita, pokea.